Mwandishi wa Matatizo ya Watu

Dada yangu ana kazi ambayo haina jina kwenye fomu yoyote, na hilo linachekesha, kwa sababu maisha yake yote ni fomu. Ukimuuliza atakuambia ana steshenari. Ni kweli, tuna chumba kimoja upande wa barabarani wa nyumba ya baba, chenye kompyuta, mashine ya kutoa kopi ambayo naiendesha mimi, benchi la wateja, na feni inayozunguka pale inapojisikia. Lakini watu hawaji pale kutoa kopi. Wanakuja kuandikiwa matatizo.

Kikundi chochote cha mtaani kikitaka fedha za wafadhili lazima kiwe na andiko la mradi, na andiko lolote lazima lianze na tatizo. Watu wanaingia na furaha zao. Kwaya inataka kinanda. Waigizaji wanataka taa za jukwaani. Wapiga ngoma wanataka mahali pa kuhifadhi ngoma zao zisinyeshewe. Dada anawasikiliza mpaka mwisho, anavua miwani, anauliza, "Sawa. Tatizo lenu ni nini?"

Wanatazamana. "Si ndiyo hilo, hatuna kinanda."

"Kukosa kinanda ni mahitaji," anawaambia, kwa upole wa muuguzi aliyeshika sindano. "Mimi nataka tatizo."

Wakitoka pale wanalo. Kwaya ya akina mama wa sokoni, wanawake ambao wakicheka upande huu wa soko mbuzi wanashtuka upande wa pili, waliondoka wakiwa "wanawake waliopokonywa sauti zao". Wakapata kinanda. Waigizaji walikuwa na mchezo wa kuchekesha kuhusu mume mwenye wivu. Mwaka ule wafadhili wote walikuwa wanapenda mazingira, basi Dada akaandika kwamba mume yule, kila akishikwa na wivu, anakata mti. Wakapata taa. Mwaka uliofuata mapenzi ya wafadhili yakahamia kwenye afya ya akili, na wapiga ngoma wakaandikwa kwamba wanasumbuliwa na msongo wa mawazo. Kiongozi wao alisoma nakala yake pale pale kwenye benchi, akaniita pembeni, akaniuliza kwa kunong'ona kama msongo unaambukiza.

Ujuzi huu hakuupata chuoni. Mama alifariki Dada akiwa na miaka kumi na tisa na mimi nikiwa bado natambaa, na chuo kikaishia hapo. Akapata kazi ya mapokezi katika shirika moja lililokuwa linagawa ruzuku kwa vikundi vya sanaa. Kazi yake ilikuwa kupokea maandiko na kuyapanga kwenye trei mbili, trei ya yatakayosomwa na trei ya yasiyosomwa. Kwa miaka sita, wenzake wakienda kula mchana, yeye alibaki anayasoma yasiyosomwa. Shirika lilipofunga virago, aliondoka pale anajua jambo moja ambalo wakubwa wake hawakulijua: watu wakweli wote walikuwa kwenye trei ya pili.

Mtaa mzima unamwita Andiko. Hata watoto wanamwamkia, "Shikamoo, Mama Andiko," naye anaitikia bila kuinua macho. Ana mdomo, ana kiburi kidogo, na hajawahi kumtoza mtu aliyekosa pesa. Mimi ni mdogo wake na namjua: ndani ya yote yale kulikuwa na aibu moja. Ameombea vikundi vya watu wote, isipokuwa bendi ya baba yake mwenyewe.

Baba alikuwa fundi bomba wa idara ya maji, na bendi yao ni ya wastaafu wa idara hiyo. Watu wanaiita Bendi ya Mabomba. Wako tisa. Wanafanya mazoezi kwenye chumba cha pampu cha zamani, nyuma ya ofisi za idara, chenye kuta zinazotoa jasho na mita mbovu zilizopangwa ukutani kama sahani. Baba ndiye kiongozi na ndiye anayepiga tarumbeta la besi, lile kubwa linalomkumbatia mtu. Tarumbeta hilo lilianza kutoboka kabla sijazaliwa. Baba amelizungushia tepu ya mabomba na mpira wa tyubu ya baiskeli, amelichomea kwa risasi sehemu nne, na bado ukilipuliza sauti ya chini kabisa unatoka upepo mtupu, fuuu, kama mtu anayepoza uji.

Na sauti hiyo ya chini ndiyo aliyokuwa anaitaka. Baba ametunga wimbo mmoja tu maishani mwake. Alimtungia mama, kabla hawajaoana, kwa sababu alikuwa mwoga wa kusema. Klarineti inauliza swali, mara tatu, kila mara kwa unyenyekevu zaidi. Halafu vyombo vyote vinanyamaza, na besi peke yake inajibu kwa sauti moja ndefu ya chini. Jibu hilo ndilo "ndiyo" ya mama. Kwa miaka thelathini na kitu baba anauliza swali na anajibiwa na upepo.

Haraka yake ilitokana na jino. Mpiga tarumbeta bila meno ya mbele ni sawa na fundi bomba bila spana, na baba alikuwa amebakiwa na jino moja la maana pale mbele. Daktari wa meno alilitikisa kwa kidole akamwambia lina miezi, miaka halina. Baba alirudi nyumbani akatuambia, "Nataka niisikie mara moja tu. Nikishaisikia, jino liende linakotaka."

"Basi niandike, baba," Dada akamwambia kwa mara ya mia.

"Utaandika nini?"

"Tatizo lenu."

"Sisi tuna tarumbeta bovu."

"Hayo ni mahitaji."

"Basi andika mahitaji."

"Hawatoi kwa mahitaji, baba. Ukitaka cha mvunguni sharti uiname."

"Nimeinama miaka thelathini na mbili kwenye mitaro ya maji, mama," baba akamjibu. Huwa anamwita mama anapomkatalia jambo. "Nimestaafu kuinama. Usiniandike maskini."

Dada hakumwandika maskini. Alimwandika vibaya zaidi. Kwa siku nne alifunga mlango wa steshenari mchana, akaniambia niwaambie wateja kompyuta inaumwa, akaandika kurasa ishirini na sita. Mimi ndiye niliyezitolea kopi, na nilisoma zikiwa bado moto. Zilikuwa na mzee mmoja mstaafu ambaye tangu aache kazi amemezwa na upweke, vidole vimesahau, mapafu yamekata tamaa, tarumbeta lake analitazama tu ukutani kama picha ya marehemu. Wenzake wanane vivyo hivyo. Wamesahau kabisa kupiga. Mradi utawarudishia pumzi, na wao watairudisha kwa jamii. Nililia, nawaambia ukweli, nikiwa nimesimama mbele ya mashine ya kopi, na wakati huo huo baba yuko uani anapuliza tarumbeta mpaka kuku wa jirani wamekimbilia chini ya gari.

Barua ya majibu ikaja baada ya mwezi. Tumepita hatua ya kwanza. Atakuja afisa tathmini kupima hali ya mwanzo ya kikundi, kwa alama kuanzia moja hadi tano. Kwa kawaida Dada akipokea barua ya namna hiyo huagiza soda. Siku hiyo alikaa chini kwenye benchi la wateja.

Kwenye andiko alikuwa ameandika mwenyewe, kwa mkono wake, kwamba bendi iko kwenye moja na mradi utaifikisha tano. Kama afisa atakuja akute bendi inapiga, hakuna mradi. Na Ijumaa iliyopita tu Bendi ya Mabomba ilipiga mpaka watu wa barabarani wakasimama na mizigo kichwani.

"Lazima wakosee," nikamwambia.

"Najua lazima wakosee," akasema. "Nani atamwambia baba?"

Alimwambia yeye mwenyewe, katika chumba cha pampu, mbele ya wote tisa. Baba alimsikiliza huku anafuta mdomo wa tarumbeta kwa leso.

"Nani kasema tumesahau?" akauliza.

"Fomu, baba."

"Fomu ilijuaje?"

Dada akaanza kusoma mita mbovu za ukutani. Nilimhurumia, ingawa nilifurahi kidogo pia. Aliyeokoa jahazi ni mpiga ngoma, aliyekuwa mtunza stoo wa idara. "Mzee mwenzangu," akamwambia baba, "tumekosea bure miaka yote hii. Mara moja tukosee kwa faida."

Wazee wakacheka. Baba hakucheka. Alilileta tarumbeta mdomoni akajaribu ile sauti ya chini, ikatoka fuuu, akalishusha. Akaitazama ile tepu.

"Siku moja tu," akasema. "Na tusiharibu wimbo wa mtu. Tupige wangu. Kama ni kuchafua, nichafue cha kwangu."

Hapo ndipo mambo yalipoharibika, maana yake yalipokwenda vizuri mno. Watu wale wamefanya kazi maisha yao yote kwa saa na kwa kipimo. Hawajui kufanya jambo ovyo. Jaribio la kwanza, mpiga klarineti, mzee aliyekuwa msoma mita wa idara, alikosea alivyojisikia. Baba akagonga stendi kwa penseli, wote wakanyamaza.

"Wewe umekosea wapi?"

"Popote tu."

"Popote si mahali. Mwenzako wa ngoma atajuaje?"

"Sasa kukosea si ndiyo kutojua?"

"Kama ni kukosea, tukosee pamoja," baba akasema. "Hii ni bendi."

Akachukua karatasi zao akaanza kuandika makosa kwa penseli, kila mtu kosa lake na mahali pake. Klarineti ipande inapotakiwa kushuka. Ngoma isite kwenye pigo la saba. Besi ijibu swali kabla halijaisha, kwa sauti ya juu, mahali ambapo tarumbeta halivuji. Wiki mbili nzima, mchana wa Jumatatu, Jumatano na Ijumaa, wazee walifanya mazoezi ya kukosea. Aliyekosea vibaya, yaani aliyesahau kosa lake akapiga sawasawa, alirudishwa mwanzo. Msoma mita alikuja kwa Dada kulalamika kwamba baba anamwonea, kosa lake ni gumu kuliko ya wengine. Hawakuwahi kufanya mazoezi mengi hivyo kwa ajili ya kupiga sahihi.

Mazoezi ya mwisho nilikwenda kusikiliza. Mwili ulinisisimka. "Dada," nikamwambia, "mbona inavutia?"

"Nyamaza," akaniambia.

Afisa tathmini alifika na begi la mgongoni, viatu visivyojua vumbi, na simu yenye miguu mitatu ya kusimamia. Alikuwa na adabu nyingi. Alimwamkia kila mzee mmoja mmoja, akaketi kwenye ndoo iliyogeuzwa kwa sababu kiti kilikuwa kimoja na alimwachia Dada, akaandaa fomu yake magotini, akawasha simu irekodi.

Wakapiga. Tangu mwanzo mpaka mwisho hakupotea mtu. Ngoma ilisita kwenye pigo la saba kama imekatwa kwa kisu. Klarineti ilipanda pasipopandwa. Besi ilijibu kabla ya kuulizwa, na wote wanane wakapepesuka naye kwa wakati mmoja, wakasimama kwa wakati mmoja. Wakamaliza. Baba akainamisha kichwa kama mtu aliyetoka kukiri kosa.

Afisa alikuwa amefumba macho. Alipoyafumbua yalikuwa na unyevu. Akapiga makofi peke yake mle chumbani.

"Hii imenigusa," akasema. "Ina kitu kipya. Ile besi inayowahi, sijawahi kusikia." Akaandika kwenye fomu. Dada alikuwa amekaa karibu, akaona tano.

Mimi nilimtazama Dada rangi inavyomtoka. Bendi yenye tano ya nini kusaidiwa? Kurasa ishirini na sita, wiki mbili za mazoezi, aibu yote ile, na sasa tarumbeta jipya linaondoka kwa sababu wazee wamekosea kwa ufundi. Kijana wa watu hakujua muziki hata kidogo. Alikuwa anajua kupima tu.

Baba naye alielewa. Aliwageukia wenzake, akasema kwa sauti ya kawaida, "Basi imekwisha. Sasa tupige ule wenyewe, tusafishe midomo."

Wakapiga wimbo wa mama. Nimeusikia maisha yangu yote na siku ile ulinikata maini. Klarineti iliuliza mara ya kwanza, ya pili, ya tatu, msoma mita akiwa amesahau kabisa kwamba kuna mgeni. Vyombo vikanyamaza. Baba akavuta pumzi mpaka mabega yakapanda, akapuliza, na pale pa jibu ukatoka upepo mrefu kupitia tepu na tyubu. Fuuu. Aliushikilia mpaka mwisho wa kipimo chake, hakuupunguza hata kidogo.

Afisa alikunja uso kwa huruma. Simu ilikuwa bado inarekodi. Akaandika tena.

"Hiyo ni ngapi?" baba akamuuliza.

"Moja, mzee. Lakini usivunjike moyo." Akamsogelea, akamgusa begani. "Hii ya pili imenionyesha mnapoanzia. Ile ya kwanza imenionyesha mnapoweza kufika. Ni mara chache sana kikundi kinatuletea hali ya mwanzo na lengo kwa siku moja." Akamgeukia Dada. "Andiko lako lilikuwa la kweli kabisa."

Ruzuku ikapita. Mkataba ulipokuja, kwenye mstari wa lengo ulisema hivi: kukiwezesha kikundi kutoka kwenye utendaji wa rekodi ya pili na kufikia utendaji wa rekodi ya kwanza. Yaani wafadhili watatoa fedha ili baba yangu aache kupiga wimbo wake sawasawa. Dada aliusoma mstari huo mara mbili, akauweka mkataba chini ya kibodi, akaenda jikoni kuosha vyombo ambavyo vilikuwa safi.

Baba alipoambiwa, siku mbili alishinda chumba cha pampu. Siku ya tatu alikuja steshenari, akaomba andiko. Dada akampa. Akakaa kwenye benchi pamoja na wateja, akavaa miwani, akasoma kurasa zote ishirini na sita, moja baada ya nyingine, huku mimi natoa kopi za vitambulisho vya watu na sioni ninachokifanya. Alipomaliza alizigonga gonga kurasa zikae sawa.

"Baba, nisamehe," Dada akasema. "Nilikuandika mtu ambaye si wewe."

"Umeandika vizuri," baba akasema. "Huyu mzee wa humu ndani namwonea huruma. Apewe."

Vyombo vilifika kwenye makasha yenye stika za mradi. Tarumbeta la besi lilikuwa na stika mbili, moja ya mfadhili na moja ya kuonya watoto wasimeze sehemu ndogo ndogo. Baba hakungoja wenzake. Alilitoa pale pale chumbani kwetu, kati ya kompyuta na mashine ya kopi, akakaa, akalikumbatia. Hakupiga wimbo. Alienda moja kwa moja kwenye lile jibu.

Sauti ikatoka. Ilikuwa nene na tulivu, ikajaa chumba, karatasi zikatetemeka kwenye trei, ikakaa mpaka yeye alipoiruhusu iondoke. Mimi nilizaliwa tarumbeta limeshatoboka. Nilikuwa sijawahi kuisikia. Dada alikuwa ameisikia akiwa mtoto, mama akiwa hai, na alisimama ameshika ukingo wa meza.

"Ndiyo hiyo," akasema, akaanza kulia kwa sauti, yeye Andiko, mbele ya mteja aliyekuja kutoa kopi ya cheti cha ndoa. Baba akapuliza tena. Kisha akaweka tarumbeta chini, akashika jino lake kwa kidole gumba kuhakikisha lipo.

Hadithi ingeishia hapo kama Dada asingekuwa hodari wa kazi yake. Kwenye ukurasa wa kumi na tisa, chini ya kichwa cha uendelevu, alikuwa ameahidi kwamba bendi itavijengea uwezo vikundi saba vya muziki vya mitaani. Wafadhili hawakusahau. Waliituma rekodi ya kwanza kwa vikundi vyote saba, na vikundi vikaanza kujifunza kabla hata ya kufika kwetu. Dada aliandika barua kueleza kwamba imetokea hitilafu, rekodi sahihi ni ya pili. Akajibiwa kwamba wanathamini sana unyenyekevu wetu.

Siku ya mafunzo chumba cha pampu kilijaa. Baba aliwafundisha wimbo wa mama jinsi alivyoutunga, kwa tarumbeta lile jipya, na jino likimkubali. Alipofika kwenye jibu, mwanamke mmoja aliyekuwa mstari wa mbele aliinua mkono. Ni fundi cherehani, anaongoza kikundi cha mafundi wenzake, na yeye ndiye anayepiga besi. Alikuwa ameshika simu yenye rekodi na karatasi aliyojinakilia mwenyewe kwa sikio.

"Shikamoo, mzee. Samahani," akasema kwa heshima zote. "Hapo umekosea."

Wenzake wakatikisa vichwa kuunga mkono. Mmoja akamsogezea baba simu ili asikie ilivyo. Nilitaka kuongea, Dada akanishika mkono. Baba alisikiliza rekodi yake mwenyewe mpaka mwisho, ameinamisha sikio, kama mwanafunzi.

"Kweli, mama," akamwambia yule fundi. "Kwenye hiyo besi inawahi. Lakini mimi hapo nilikuwa namuuliza mtu kama atanioa... yaani kama nitamwoa." Watu wakacheka, naye akacheka. "Na hiyo besi ni yeye ananijibu. Siwezi kumjibia kabla sijamaliza kuuliza."

Yule mwanamke alitazama karatasi yake. "Alikubali?"

"Hao hapo mabinti zake."

Akatugeukia, akatutazama mmoja mmoja, halafu akatoa kifutio kwenye mkoba wenye sindano na nyuzi. Akafuta. Akachora jibu upya, mahali pake, refu. "Basi tuanzie hapo," akasema.

Wale wa vikundi sita vingine hawakufuta, nami siwalaumu. Na wao watapimwa, na watapimwa kwa rekodi. Siku hizi ukipita mitaa ya huku mchana wa Jumamosi unaweza kuwasikia, ngoma zinasita zote kwenye pigo la saba, hakuna hata mmoja anayepotea.

Jino la baba lilitoka wiki tatu baada ya mafunzo, akila mkate. Tarumbeta alilipeleka mwenyewe, kwa toroli, mpaka kwenye chumba cha yule fundi cherehani.

Mwisho wa robo mwaka Dada aliandika ripoti. Sehemu ya matokeo ilitaka idadi tu, haikuwa na nafasi ya maelezo. Akajaza kwamba vikundi sita vimefikia lengo na kimoja kimeshindwa. Baba aliomba atolewe kopi ya ukurasa huo. Nilimtolea, akaukunja mara nne, akautia mfuko wa shati, akaenda kuwaonyesha mafundi cherehani.